Unataka kuongeza kina cha bandari? Anza kupima, meli ya kuchimba ije baadae

Kila stori ya bandari ikianza watu wanasema leteni meli ya kuchimba, ongezeni kina, meli kubwa zitakuja zenyewe. Nawaelewa kabisa, maana nchi inayoleta mafuta, ngano, mbolea na magari kwa njia ya bahari haiwezi kuishi na bandari ambayo meli inatia nanga huko nje wiki nzima inasubiri. Ila kazi yenyewe haianzi na kuchimba, inaanza na kupima, na aliyekosea kupima anachimba mara mbili analipa mara mbili. Mi nimekaa miaka kadhaa kwenye boti za upimaji, kwahiyo naandika kwa mtu anayeanza, awe fundi, afisa mipango wa wilaya, mwanafunzi au mwananchi tu anayetaka kujua hela zinaendaje.

Mfano ntakaorudia rudia ni Tanga, kwasababu ndo unaoonekana vizuri. Pale kina kilikuwa kama mita 3 tu kwahiyo meli kubwa haikuweza kusogea, ilikuwa inatia nanga kama kilomita 1.7 kutoka gatini alafu mzigo unashushwa kwenye matishari, yale majahazi bapa yasiyo na injini, tishari linavutwa na tagi, yaani boti ya kuvuta, mpaka gatini, hapo kreni nyingine inapakua tena kutoka kwenye tishari kuweka kwenye lori. Mnaona hapo, mzigo mmoja unabebwa mara mbili. Mvua ikinyesha kazi ya mbolea inasimama, upepo wa kusi ukipiga tishari linayumba na kreni ya meli haiwezi kulenga, na meli yenyewe inalipiwa kila siku inayokaa pale iwe inafanya kazi au haifanyi. Gharama hiyo yote inakuja kukaa kwenye bei ya mfuko wa mbolea wa mkulima wa Lushoto ambaye hata bahari yenyewe hajawahi kuiona. Mradi wa shilingi bilioni 429.1 ukachimba mpaka mita 13 na kujenga gati la mita 450, na sa hivi meli inafunga kamba gatini moja kwa moja.

Sasa tuingie kazini.

Kwanza chagua meli. Usianze kwa kusema nataka mita 15, sema nataka meli gani ije, imebeba nini, inatoka wapi, na nani atachukua huo mzigo. Bandari ya Dar inahudumia Kongo, Zambia, Rwanda, Burundi, Malawi na Uganda, kwahiyo ina sababu ya kutaka meli kubwa za makontena. Tanga wateja wake wa karibu ni Kilimanjaro na Arusha, na juzi juzi tu mzigo wa bomba la mafuta ghafi linaloishia Chongoleani, hapo hapo Tanga. Mtwara ina korosho ambayo inakuja kwa msimu, miezi michache inafurika alafu inapungua. Kila moja ina meli yake. Ukichimbia meli ambayo haina mzigo wa kuifuata unabaki na shimo zuri baharini ambalo kila mwaka unalipia kulisafisha.

Ukishaijua meli, tafuta inazama kiasi gani ikiwa imejaa. Hapo ndo hesabu inaanza. Tuseme meli inazama mita 11.5. Chini ya mkuku, yaani uti wa chini kabisa wa meli, lazima ubaki na maji, na kanuni ya haraka haraka kwa bandari iliyojificha ndani kama za kwetu ni asilimia 10 mpaka 15 ya kile kiasi meli inachozama, wakati kwenye mlango ulio wazi unaopigwa na mawimbi unaongeza zaidi ya hapo. Kwa asilimia 10 unapata mita 1.15, jumla 12.65, ndo maana mita 13 inaleta maana. Hayo maji ya ziada sio anasa. Meli ikitembea kwenye maji ya kina kifupi inajivuta chini, maji yanakimbia kwa kasi pembeni na chini yake na chombo kinashuka, na kadri inavyokimbia ndo inavyoshuka zaidi. Nahodha anajua, rubani wa bandari anajua, lakini mtu anayepanga bajeti ofisini mara nyingi hajui na anataka kukata ile mita moja ili apunguze gharama. Usimkubalie.

Alafu kuna swali la kina kutoka wapi, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Ukisikia mita 13 maana yake ni mita 13 maji yakiwa yamekupwa mpaka chini kabisa, ule usawa unaotumika kwenye chati, yaani ramani za bahari. Wavuvi wetu hili wanalijua kuliko wahandisi wengi. Wakati wa bamvua maji ya pwani yetu yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, wakati wa maji mafu tofauti inakuwa ndogo sana. Kwahiyo unaweza kuokoa hela nyingi kwa kuamua kwamba meli nzito itaingia na maji kujaa, mfereji unaubakisha na kina cha wastani ila pale gatini unachimba shimo refu zaidi, manake meli itakaa pale siku mbili tatu na maji yatakupwa ikiwa imefungwa. Mfereji meli inaupita kwa saa moja, gatini inalala. Ukiyachanganya hayo mawili aidha umechimba mfereji wote bure, aidha meli imekalia tope usiku.

Upana nao usiusahau. Njia ya meli moja inataka kama mara tatu mpaka tano ya upana wa meli, kutegemea upepo na mkondo, na sehemu ya kugeuzia, kama kuna tagi za kusaidia, inataka duara la kama mara mbili ya urefu wa meli. Na kuta za mfereji hazisimami wima. Mchanga unalala, unahitaji mteremko wa kama 1 kwa 5, tope linalala zaidi. Chukua mfereji ambao chini una mita 100 na umechimbwa mita 10, kwa mteremko huo kila upande unakula mita 50, juu unakuwa na mita 200, na mchanga unaotoka unaongezeka kwa nusu nzima kuliko ungekuwa wima. Nimeona makadirio yaliyosahau miteremko. Bajeti iliisha mfereji ukiwa haujafika gatini na ikabidi watu warudi kuomba hela upya, na ni aibu ambayo saa moja ya hesabu ingeizuia.

Sasa pima. Pima sakafu ya bahari yote, sio mistari michache. Zamani ilikuwa kamba na timazi, unaita pima moja, pima mbili, leo unatumia mashine ya mwangwi ya miale mingi, inayopima kina kwa sauti, inayofagia sakafu yote kama mtu anayefyeka shamba mstari kwa mstari. Weka mtu wa kusoma maji gatini muda wote boti ikiwa kazini, hata kama mashine inasoma yenyewe, kwasababu kosa la usawa wa maji la nusu mita linaharibu kazi yote ya siku na huligundui mpaka mwisho.

Alafu toboa. Sauti inakuonyesha sura ya sakafu, haikwambii ndani kuna nini. Pwani yetu imejaa mawe ya matumbawe ya kale yamefunikwa na mchanga laini, juu unaona mchanga, mita mbili chini ni mwamba. Bei ya kuchimba mwamba haina uhusiano na bei ya mchanga, mashine ni nyingine, muda ni mwingine, na mkandarasi akikuta mwamba ambao hukumwambia atakudai na anaweza kushinda. Kwahiyo hela ya kutoboa visima vya majaribio usiikate hata siku moja, kila kisima cha nyongeza kinapunguza ugomvi. Na katika udongo huo huo peleka sampuli maabara ukapimwe mafuta na madini mazito, hasa karibu na magati ya zamani, maana tope la miaka hamsini limekula kila kitu kilichomwagika pale juu.

Angalia pia vyuma chini. Bandari za kwetu zina historia. Agosti 1914 Wajerumani walizamisha doki linaloelea pale mlangoni mwa bandari ya Dar es Salaam ili meli za Waingereza zisiingie, na Novemba mwaka huo huo vita ikapiganwa Tanga. Kifaa cha kutafuta chuma chini ya maji sio ghali ukilinganisha na kichwa cha kuchimbia kilichovunjika kwenye nanga ya kale.

Kuna jambo moja linaloua miradi kimya kimya, nalo ni ukuta wa gati la zamani. Magati ya kwanza ya kina kirefu ya Dar yalianza kazi miaka ya 1950, yamejengwa kwa meli za wakati ule. Ukuta umesimama kwasababu ya udongo ulioko mbele yake chini ya maji. Ukija ukauchota huo udongo ili meli kubwa ikae, umeondoa mguu wa ukuta, na nyuma yake kuna kreni na makontena yanasukuma kuelekea baharini. Ndo maana ule mradi mkubwa wa Dar, ambao Benki ya Dunia iliukopesha dola milioni 345 mwaka 2017, haukuwa kuchimba tu, gati namba 1 mpaka 7 zilibidi ziimarishwe ili zibebe kina cha mita 14.5. Mtu akikwambia anachimba mbele ya gati la zamani na hajaongelea ukuta, msimamishe hapo hapo.

Tukifika kwenye mchanga unaotoka ndo tunafika kwa watu. Una njia tatu: kuumwaga bahari kuu kwenye maji marefu, kuumwaga mahali pa kujazia ardhi mpya, au kuuweka nchi kavu kama una eneo. Mchanga safi wa chembe kubwa ni mali, utumie kujaza yadi ya makontena, Mombasa na kwingine ardhi ya bandari imepatikana kwa kujaza bahari. Tope laini halijazi kitu, linachukua miaka kukauka. Kabla ya kuchagua kaa na wavuvi. Namaanisha kukaa hasa, kwenye diko lao wanapopakulia samaki, saa ambayo wao wamerudi kutoka baharini, sio kuwaita ukumbini saa nne asubuhi. Waulize samaki wanazalia wapi, mkondo unakwenda wapi wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, wapi wanaweka madema, ile mitego yao ya samaki. Watakuonyesha mambo ambayo mtambo wa kompyuta utayasema miezi sita baadae.

Lamu kule Kenya inatufundisha hili kwa bei kubwa. Uchimbaji na ujenzi wa bandari mpya ulienda, kina cha mita 17.5 kikapatikana na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021, lakini tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ilishaamua wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.76 kwa kupoteza maeneo yao ya uvuvi, na mambo ya malipo hayo yakaendelea kuvutana miaka mingi. Waliokuwa wanavua pale tangu enzi za mababu walistahili kuhesabiwa kwenye gharama ya mradi siku ya kwanza. Mi naamini hivyo kabisa, fidia ya wavuvi iandikwe kwenye bajeti kama dizeli ya mashine inavyoandikwa, na ilipwe kabla chombo hakijashusha bomba.

Na huko Tanga kuna silikanti, yule samaki ambaye dunia ilidhani ametoweka tangu enzi za dainasori. Wavuvi wa Tanga walianza kuwanasa kwa wingi kuanzia 2003 na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Ukiwa jirani na vitu kama hivyo, tope linaloelea kwenye maji lipimwe kila siku na mkataba uweke kiwango ambacho kikivukwa kazi inasimama, alafu awepo mtu mwenye mamlaka ya kuisimamisha kweli. Matumbawe yakifunikwa na tope yanakosa mwanga yanakufa, na mwamba wa matumbawe ndo unaovunja mawimbi kabla hayajafika kwenye hiyo bandari unayoijenga.

Mashine za kuchimbia sasa. Kuna meli ya kunyonya inayotembea, inaburuta bomba chini, inajaza tumbo lake na kwenda kumwaga, kubwa kabisa duniani zinabeba mita za ujazo 46,000 lakini kwa mifereji yetu hizo hazihitajiki, ndogo inatosha na inageuka vizuri. Hii ni nzuri kwa mchanga na tope, na haizibi njia ya meli. Kuna yenye kichwa cha meno kinachozunguka, inakaa sehemu moja imejichomeka chini, hiyo ndo ya udongo mgumu na mwamba laini, ila inaziba njia na ina mabomba marefu. Na kuna eskaveta juu ya pontuni, yaani jukwaa linaloelea, ya taratibu lakini nzuri karibu na ukuta wa gati ambako unataka umakini. Mara nyingi utahitaji mbili kati ya hizo.

Kuzileta tu ni hela nyingi, maana zinatoka Ulaya, China au Ghuba, na unailipia safari hata kama kazi ni ya wiki tatu. Ndo maana ni akili kukaa na bandari za jirani mkapanga pamoja, chombo kikishaingia ukanda huu kipite Mtwara, Dar, Tanga na hata Mombasa kwa mpango mmoja badala ya kila mmoja kukiita kwa wakati wake. Sijui kwanini hili halifanyiki mara kwa mara, linaumiza.

Kwenye mkataba andika wazi unalipa nini. Lipa mita ya ujazo iliyopimwa pale ilipokuwa, yaani tofauti kati ya upimaji wa kabla na wa baada, usilipe kinachoonekana kwenye tumbo la meli. Mchanga ukichimbuliwa unavimba, mwamba unavimba zaidi, na tumboni kuna maji. Weka pia kiwango cha kuzidisha, yaani kuchimba chini ya kina ulichopanga, kwa kawaida sentimita 30 mpaka 50, kwasababu hakuna mashine inayokata sawasawa kama kisu. Tupige hesabu: mfereji wa kilomita 2 wenye upana wa mita 100, sentimita 30 tu za kuzidi ni mita za ujazo 60,000, sawa na safari 4,000 za lori la mita za ujazo 15. Usipoandika nani analipa hizo, jua ni wewe. Na upimaji wa malipo ufanywe na watu wako au wa upande wa tatu, mkandarasi awe anatazama tu na kusaini.

Panga miezi. Kazi ya ndani ya bandari inaweza kwenda mwaka mzima ila safari za kwenda kumwaga nje wakati kusi imekaza zinakuwa za taabu, siku nyingi zinapotea. Kaskazi ya Desemba mpaka Machi na vipindi vya matlai ndo muda wa kazi ya nje. Na bandari haifungwi, meli zinaendelea kuingia, kwahiyo kila asubuhi mkuu wa kitengo cha marubani na nahodha wa chombo cha kuchimba waongee kwenye redio nani anapita saa ngapi.

Ukimaliza kuchimba hujamaliza. Pima tena yote, tafuta vilima vilivyobaki, jiwe moja ambalo kilele chake kiko mita 11 chini ya maji kwenye mfereji wa mita 13 linaufanya mfereji wote uwe wa mita 11. Sogeza maboya, kwetu ukiwa unaingia jekundu linakaa kushoto na kijani kulia, weka taa. Alafu peleka vipimo kwa wachapishaji wa chati na toa tangazo kwa mabaharia. Hii watu wanaiacha alafu wanashangaa kwanini meli kubwa haziji. Nahodha aliyeko Singapore anaangalia chati, bima inaangalia chati, na kama chati bado inaonyesha kina cha zamani basi kwao hujachimba chochote.

Nchi kavu nitasema kwa kifupi. Kina kikiongezeka, meli moja inashusha kwa siku mbili mzigo ambao zamani ulishushwa kwa wiki, na usipokuwa na yadi, reli na njia ya malori foleni inahama kutoka baharini kuja mjini. Tanga ina bahati ya reli ya Moshi na Arusha iliyofufuliwa kati ya 2019 na 2020, Dar inasukuma mizigo kwenda bandari kavu ya Kwala. Hivyo viende sambamba na uchimbaji, visingoje.

Mwisho kabisa weka hela ya matunzo ya kila mwaka kabla hata hujatangaza zabuni ya kwanza. Angalia Beira kule Msumbiji, mito ya Pungwe na Buzi inaleta udongo mfereji unajaa, ilibidi mwaka 2010 na 2011 ifanyike kazi kubwa ya kurudisha kina kilichokuwepo zamani. Sisi tuna nafuu lakini hatujasalimika, Tanga kuna Sigi na Mkulumuzi zinashuka kutoka Usambara, Dar kuna Kizinga na Mzinga zinapita katikati ya mji na taka zake zote. Mti unaokatwa Amani, huko huko Usambara, unakuja kukaa kwenye mfereji wa Tanga kama tope, kwahiyo sehemu ya hela ya matunzo ipelekwe kwenye kupanda na kulinda kule juu, ni rahisi kuliko kuita chombo kutoka ng'ambo.

Na bandari inunue boti yake ya kupimia, ndogo tu, na isomeshe vijana wawili watatu wa kuiendesha. Wapime mfereji mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, sehemu zile zile kwa mistari ile ile, data ghafi ikae mikononi mwa bandari wenyewe na sio kwenye kompyuta ya mshauri aliyesharudi kwao. Miaka mitano ya vipimo hivyo itakuonyesha tope linaingilia wapi na kwa kasi gani, na siku utakayoita dreja, yaani chombo cha kuchimba, tena utamwonyesha nahodha wake kwenye ramani sehemu za kuchimba na zile za kuziacha.